Joto la Gari Iliyosimama

Goma, Katindo, tarehe 3 mwezi wa sita 2001

Charline ameponesha ile gari. Ni mutoto wangu mimi, mudogo wangu Perpétue, si wa mutu mwingine. Shofaji inapuliza joto. Mimi mwenyewe niliingiza mukono nikausikia moto kama wa mbabula ya makaa.

Sasa nikusalimie. Mama yetu anaendeleaje huko Lubero? Watoto? Sisi wazima, tunasikia mabomu kwa redio tu, Mungu asifiwe.

Gari ninayosema ni Land Cruiser ya Papa Zihindula, yule anayekuja kwenu kununua viazi. Ilitoka Ulaya na shofaji yake, kile chombo cha kupasha joto ndani. Ugonjwa wake ulikuwa huu: ikitembea, inapuliza joto, ikisimama na motere inanguruma palepale, hali wanayoita ralanti, inapuliza baridi ya kaburini. Papa Zihindula iko na magoti mabaya na barabara yenu ya milimani inamuua. Mafundi watatu wa Goma wameshindwa. Mumoja alimwambia aitoe shofaji yote aweke redio mahali pake. Ndipo ikaletwa kwa Papa Onésime, na Papa Onésime, muzee wa garaji nzima, akasema, «Mupe Charline.» Kati ya wanaume kumi na mumoja, mupe Charline. Wale walionicheka nilipomushonea salopeti, nguo ya kazi ya mafundi, waje wanicheke sasa.

Jana nilimupelekea chakula. Gari ilikuwa imefika sasa hivi kutoka Kibumba, imepanda na kushuka. Charline akaongeza maji, akatoa hewa kwenye mipira ya maji, akaniambia, «Mama, weka mukono.» Nikaweka. Joto. Akasema, «Ngoja kwanza, tuione ikisimama.» Ningoje nini? Mikono ile ameitoa kwangu, naijua. Nilikimbia nyumbani kutafuta karatasi, na sasa ninakuandikia kabla kamyo, lile lori la viazi, haijaondoka.

Mwambie mama. Mwambie na jirani yako, yule anayesema wasichana wa Goma wanajua kusuka nywele tu.

Ni mimi dada yako, mama wa fundi,
Angèle

*

Lubero, tarehe 12 mwezi wa sita

Yaya Angèle, dada yangu mukubwa,

Barua yako imefika inanuka sambaza, maana shofere wa kamyo aliificha ndani ya kikapu cha samaki. Nilimusomea mama. Alicheka. Akasema wewe hata Charline alipoota jino la kwanza ulizunguka parokia nzima kama vile Kivu yote ilikuwa haijapata kuona meno. Alicheka mpaka akakohoa, na habari yangu ni huko kukohoa.

Juma lililopita waliingia wenye bunduki. Usiniulize ni wa upande gani, wenyewe hawakusema. Tulipanda mulimani na watoto, tukalala siku mbili chini ya mikaratusi, kwenye umande. Mama nilimufunika kwa vyote nilivyokuwa navyo. Tuliporudi nyumba ilikuwepo, mbuzi hawakuwepo, na kifua cha mama kilikuwa kinapiga filimbi. Pumu imemurudia vibaya. Infirmie Nshobole, muuguzi wetu, alimusikiliza mugongoni, akaniita nje. Kasema dawa zimekwisha hapa, ni lazima afike kwenye hospitali kubwa ya Goma, na njiani baridi isimuguse. Alisema hivi: «Baridi nyingine kama ile, mama Perpétue, sitakudanganya.»

Juu ya magunia ya kamyo hawezi. Nilimuuliza Ruffin, shofere wa Papa Zihindula, aliyekuja na kamyo kununua viazi. Amekubali kumupa kiti cha mbele cha ile Land Cruiser safari ijayo. Nafasi ni moja, mimi nitabaki na watoto.

Njia yetu unaijua, gari inasimama kuliko inavyotembea. Kutoka hapa mpaka Kanyabayonga barieri za askari ni sita, na pale Kanyabayonga mutu anaweza kukaa kutwa nzima akingoja waseme njia ya parki, ile mbuga ya wanyama, imefunguka. Ruffin hazimi motere hata kidogo, sababu bunduki ikilia anataka kuondoka saa ileile. Basi huyo mama yetu atakaa saa nyingi ndani ya gari iliyosimama, kwenye ukungu.

Unaandika shofaji inapuliza joto. Hata ikisimama? Nijibu kwa neno moja, yaya. Usinipambie.

Perpétue

*

Goma, tarehe 16 mwezi wa sita

Ndiyo.

Umetaka neno moja, ndilo hilo. Sasa yangu mimi: muvalishe mama soksi mbili na lile koti la marehemu baba, hata kama ndani ya gari atalivua, maana ile shofaji ni jua lenyewe. Kitanda chake nimekiweka upande wa jiko. Nimewaambia watu wa jumuiya, nimemwambia padri, nimemwambia mama wa duka la sabuni, wote wanamungoja. Atapanda gari iliyoponeshwa na mujukuu wake, ni mama gani wa Lubero amepata neema hiyo?

Charline anakusalimia, au angekusalimia angekuwa nyumbani. Kutwa yuko chini ya gari ileile, anaifanyia vidogovidogo. Anarudi amenyamaza, anakula, analala. Mafundi wakubwa ndivyo walivyo, hawasemi sana.

Angèle

*

Goma, garaji, tarehe 18 mwezi wa sita

Mama mudogo Perpétue,

Pole na mambo yote. Ninaandika haraka, kamyo inangoja: usimuweke Koko, mama yenu, ndani ya ile gari.

Nimekuta barua yako chini ya sahani nikifuta meza, ndiyo nimejua ni gari hii atakayopanda. Mama hajui ninaandika. Gari haijapona. Siku ile mama alipoweka mukono ilikuwa imetoka kupanda mulima, motere ikiwa na moto wake. Tuliiacha isimame. Baada ya dakika ishirini ilikuwa inapuliza upepo baridi wa kukausha nguo tu. Mama alikuwa ameshaenda.

Nimetoa hewa yote kwenye maji. Nimebadili mukanda, nimefungua pompe ya maji, ni nzima. Nimesafisha kile kiradiateri kidogo cha ndani mpaka maji yanapita kama mutoni. Bado. Ikitembea joto, ikisimama baridi. Wenzangu wameanza kuniita Mama Baridi. Hilo si kitu. Koko ndiye kitu.

Nipe juma moja na nusu. Nikishindwa nitakuandikia vilevile, bila kuficha.

Mutoto wako,
Charline

*

Lubero, tarehe 23 mwezi wa sita

Yaya,

Nilikuomba neno moja.

Mama alikuwa ameshafunga nguo zake kwenye kitambaa. Amekaa juu ya kile kifurushi tangu Jumatano, ananiuliza gari inafika saa ngapi. Nimemwambia barabara imefungwa. Sasa na mimi ninadanganya.

Usiku kifua kinamubana, analala ameketi. Sina mengine.

Perpétue

*

Kibumba, ndani ya gari, tarehe 1 mwezi wa saba, saa kumi na mbili na robo asubuhi

Perpétue mudogo wangu, kwanza piga magoti pamoja nami, halafu unitukane: tumeupata ugonjwa wa gari.

Nilikudanganya. Si siku ya kwanza, ile ya kwanza niliamini kabisa. Ni ile «ndiyo». Charline alikuwa amekwisha kuniambia, «Mama, bado,» nami nikasema moyoni, mpaka gari ifike Lubero atakuwa ameweza. Niliandika leo kitu cha kesho. Barua yako ya maneno machache imenichapa kuliko fimbo za baba. Niliisoma mbele ya Charline, na yeye akasema kitu ambacho sikukitegemea: «Mama, unanisifu mpaka unaniondolea nafasi ya kukosea.» Sikupika siku ile. Tulikula ndizi za jana.

Sasa sikiliza ilivyokuwa, nitasema taratibu.

Juzi aliketi ndani ya gari saa nzima bila kugusa chombo chochote, motere ikinguruma, anaangalia tu ule mushale unaoonyesha joto la maji. Mushale ulikuwa umelala chini kabisa. Akampa Ruffin aipandishe mpaka Munigi, mushale ukapanda. Akasimamisha, ukashuka. Akajiuliza, nani anaushusha? Ndipo akapiga paji la uso wake, kofi lililosikika mpaka barabarani.

Kuna kilango kidogo cha shaba kwenye njia ya maji ya motere, wanakiita termosta. Maji yakiwa ya baridi kinajifunga, maji yakae ndani yapate moto. Yakishapata, kinajifungua yaende kupoa kwenye radiateri. Basi hapa Goma, gari yoyote ikitoka Ulaya, kitu cha kwanza mafundi wanakitoa hicho na kukitupa. Wote, si Papa Onésime peke yake. Wanasema ni cha watu wa theluji, huku kinachemsha motere bure. Na ile Land Cruiser ilipofika mwaka jana, aliyekitoa ni nani? Charline wangu, kwa mukono wake, Papa Onésime akimuelekeza na kumusifu kwa kazi safi. Bila kile kilango maji yanazunguka na kupoa siku zote. Mulimani motere inafanya kazi kwa nguvu, joto linatosha. Ikisimama, hakuna.

Akaenda kumwambia Papa Onésime. Nilikuwepo, nilikuwa nimeshika sahani ya sombe.

«Papa, tulikosea kutoa termosta.»

«Nani alikosea?»

«Sisi.»

«Mutoto, ninazitoa tangu hujazaliwa. Hakuna gari hata moja iliyorudi kulalamika.»

«Hakuna hata moja iliyobeba muzee wa pumu kutoka Lubero, papa.»

Wale wanaume wengine kumi wakaacha nyundo. Nilitaka kusema kitu, unanijua, mudomo ulikuwa tayari. Nikaujaza sombe. Papa Onésime alimuangalia Charline, akaangalia gari, akavua kofia akajikuna kichwa. Halafu akaenda nyuma ya garaji akarudi na kopo kubwa la maziwa ya unga limejaa termosta, za miaka yote. Ameshindwa kuzitupa kumbe, shaba ni shaba. Akasema, «Chagua. Lakini nyingi zilikwisha kufa, na mimi sijui ni zipi.»

Unajua zinapimwa wapi, Perpétue? Ndani ya sufuria. Sufuria yangu ya maharage, mbele ya mulango wangu, Katindo nzima ikiangalia. Charline alichagua kumi na mbili zinazoingia kwenye motere ile, akafunga kila moja na uzi, akazizamisha kwenye maji juu ya mbabula. Mama wa duka la sabuni akauliza, «Mama Charline, leo munakula nini?» Nikamwambia, «Chuma, na hatukukualika.» Maji yakaanza kutoa mvuke. Kumi zikakaa zimefunga mudomo kama mashahidi mbele ya komanda. Ya kumi na moja ikafungua nusu ikakwama. Ya kumi na mbili, dada, ikafunguka polepole kama jicho la mutoto anayeamka, na Charline alipoitoa kwenye maji ikajifunga tena. Aliirudisha mara tatu. Mara tatu ikafungua. Papa Onésime aliyekuwa amekuja eti kupita tu akasema, «Hiyo ni nzima,» na sauti yake ilikuwa ndogo.

Jana wameiweka. Lakini najua neno langu kwako limeharibika, ni kama yai, haliungwi. Kwa hiyo siandiki kwamba imepona. Ninaandika nikiwa ndani yake. Nimemuomba Ruffin anilete hapa Kibumba kwenye baridi alfajiri, ukungu uko mpaka kwenye kioo. Tumesimama tangu saa kumi na mbili kamili. Motere haijazimwa, gari haijasogea hata hatua. Nimevaa kitenge kimoja na viatu vya wazi.

Saa kumi na mbili na nusu. Joto.

Saa moja kasoro robo. Joto. Ruffin anauliza kama naweza kuandika bila kusema kila neno kwa sauti.

Saa moja. Joto, na miguu inataka kutoka jasho. Nje kuna mwanamuke anapita na mutoto mugongoni, anapuliza vidole vyake. Nimemufungulia mulango akae kidogo na sisi. Yeye anatoka kambi ya wakimbizi wa vita vya Masisi, anaitwa mama Deborah. Amesema hajasikia joto kama hili tangu aache nyumba yake. Mutoto amelala saa ileile.

Saa moja na nusu. Joto. Mushale uko katikati, haujashuka hata kama unywele. Charline ameketi nyuma, nimemuona kwenye kioo anacheka peke yake.

Saa mbili. Joto. Inatosha, mafuta ni ya Papa Zihindula.

Mimi Ruffin, shofere, nathibitisha yote hapo juu, ila yeye hakuvaa kitenge kimoja, ni viwili.

Mama mudogo, ni kweli. Imesimama saa mbili nzima ikipuliza joto. Charline.

Kesho Ruffin anaanza safari, barua hii inakuja na gari yenyewe. Usimupandishe mama kwanza. Keti wewe, mulangoni kwako, asubuhi kwenye ukungu, umwambie Ruffin asizime. Miguu yako ikipoa, irudishe gari tupu. Hakuna atakayekasirika, na mimi nitakuwa wa mwisho.

Angèle

*

Lubero, tarehe 5 mwezi wa saba

Yaya,

Nimeketi saa nzima, kama ulivyosema. Halafu nikamwambia Ruffin aongeze nusu saa, hiyo ni ya ile «ndiyo» yako.

Miguu haikupoa. Watoto waliingia nyuma mumoja mumoja wakijifanya wanatafuta kitu. Infirmie Nshobole naye alikuja, akaweka mukono, akakaa muda murefu kuliko dakitari anavyohitaji, akasema, «Aende.»

Ninaandika juu ya goti, mama anapanda. Hataki kubebwa. Kanikataza kulia mbele ya shofere. Ruffin ana chupa ya maji ya moto na karatasi ya infirmie. Kutoka sasa hivi mpaka utakaponiandikia, sitafanya kitu kingine ila kungoja.

Mwambie Charline nimesema wasingya, asante sana. Wewe nitakusamehe mama akifika.

Perpétue

*

Goma, Katindo, tarehe 11 mwezi wa saba

Amefika. Ameketi hapa mbele yangu, anakula ugali na anasema sambaza hazina chumvi.

Nisamehe basi, uliahidi.

Siku tatu, Perpétue. Hapo Kanyabayonga walisimama kutoka asubuhi mpaka saa tisa. Upande huu wa barieri walisema njia iko wazi, upande ule walisema imefungwa, na ukungu ukashuka mpaka Ruffin hakuiona tena kamyo ya mbele yake. Anasema alikuwa anaangalia mushale na kumuangalia mama, mushale na mama, hakuna kingine alichokiona kutwa nzima. Mama alilala. Unasikia? Alilala ameegemea mulango, bila filimbi kifuani. Alipoamka alisema, «Mufungue kidirisha, munanipika kama ndizi.» Akafungua kidogo, na askari mumoja wa barieri, kijana tu, akaingiza mikono yote miwili kwenye ile hewa. Mama akamwacha. Akamuuliza mama yake anaitwa nani, yuko wapi. Kijana akamwambia. Sijui waliongea nini kingine, mama anasema ni mambo yao. Ruffin anasema kijana huyo ndiye aliyeinua mti wa barieri.

Kule bondeni kwa Rwindi jua liliwachoma, Ruffin akaifunga shofaji. Baada ya Rumangabo akaifungua tena, sababu ya baridi ya Kibumba. Imeshika mpaka mulangoni kwangu. Katindo yote ilitoka. Mama alishuka na koti la baba, akampita padri, akanipita mimi, mimi niliyekuwa nimetengeneza nywele, akaenda moja kwa moja kwa Charline aliyejificha nyuma ya watu na salopeti yake chafu. Akaishika mikono yake, akaigeuza aone viganja, akasema kwa Kinande maneno ambayo hata mimi sitayaandika hapa. Nimejifunza kunyamaza kidogo, unaona.

Dakitari amemuona. Kasema tumemuleta kwa wakati, kifua kinaitika dawa, akae hapa miezi, asirudi kwenye baridi. Hakusema atapona kabisa, na mimi sitakuandikia zaidi ya alivyosema.

Habari nyingine ndogo: mashofere wanne wa njia ya Butembo wamekuja garajini wanataka kurudishiwa termosta. Papa Onésime anawaambia yeye alikuwa anazitunza kwenye kopo kwa sababu alijua siku moja zitatakiwa. Charline anamuacha aseme. Ila muzee amempa Charline shimo la kwake la kukagulia magari, lile la upande wa barabara, na anayemuita Mama Baridi sasa ni Papa Onésime peke yake, na anamuita hivyo mbele ya wateja kama cheo.

Sasa neno la mama, anataka niliandike kama alivyolisema. Anasema alikuacha wewe na watoto mahali ambapo mbuzi wamekwisha kuchukuliwa, na mutu akimaliza mbuzi anatafuta kingine. Anasema usingoje wenye bunduki wakuje tena ndipo upande mulimani. Funga nyumba, mupe jirani ufunguo. Papa Zihindula ametoa gari yote, hatapakia viazi safari hiyo. Adalbert, ndugu yetu wa Beni, nimekwisha kumuandikia, anapita kwako munapanda gari pamoja, na watoto wote, hata yule anayetapika kwenye gari. Nyumba yangu ni ndogo, tutalala kama sambaza kwenye kikapu.

Kutakuwa na misa ya shukrani saa tatu, halafu chakula, na mama anasema hatagusa sahani mpaka awahesabu wote kwa macho yake, mulangoni, mumoja mumoja.

Dada yako Angèle, mama wa fundi. Tunawangoja wote Jumapili, tarehe tano ya mwezi wa nane.